Sauti Iliyofungiwa Kwenye Diski

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, katika kiwanda cha chipu za diski huko Hsinchu, Taiwan. Wakubwa walitaka mipangilio mipya ya chipu ijaribiwe upesi, na kwa ubahili wao diski za majaribio hazikutosha, wakawaagiza wafanyakazi walete zao. Kuo Ching-fa, mchomekaji wa diski kwenye mashine ya majaribio, alileta aliyokuwa nayo. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mkewe, Hsiu-chin, aliyoirekodi kabla hajapasuliwa koo akabaki bubu. Nakala nyingine hakuna. Wakubwa waliapa hakitaguswa kitu.

Kikaguswa. Chipu inayosimamia diski ikiwashwa husoma kwanza mipangilio yake. Ikishajua kipi kiko wapi, ndipo inaruhusu data ipite. Mipangilio ile mipya ilikuwa mibovu. Tangu siku hiyo diski ikichomekwa inataja jina lake, basi, inanyamaza.

Wakubwa wakatafuta wa kumtupia lawama. Pale, kwa imani ya mafundi, kila mashine huwekewa juu pakiti ya kijani ya bisi za nazi ili isilete ukaidi, na kuzibadilisha kabla hazijapitwa na tarehe ni kazi ya Kuo. Ya mashine ile ilikuwa imepitwa. Mkurugenzi Ruan, na shahada zake zote, aliitikisa mbele ya kikao kizima. Watu wakacheka. Kuo hakucheka, maana moyoni naye alikuwa ameamini.

Mhandisi Peng, jirani yake, alimvuta pembeni.

“Mzee Fa, sauti haijafutika. Imefungiwa tu.”

Akamweleza kwamba kifaa cha huku chini hurudisha mipangilio, ila kinafuta kila kitu kwanza. Programu isiyofuta iko ghorofa ya sita, na Ruan haitoi, wateja wasije wakajua kwamba diski zao zingeweza kuokolewa.

“Nikiacha kazi, nikaondoka na diski yangu?”

“Hapa haitoki. Wanasema ni mali ya kampuni.”

“Niliishinda kwenye bahati nasibu ya karamu ya mwaka! Ruan mwenyewe ndiye aliyenipa, tukapigwa picha.”

“Na hata ukitoka nayo, mzee wangu, nani huko nje ataifungua?”

Kwa hiyo Kuo amebaki, anachomeka diski za wengine, hathubutu hata kuchelewa asije akafukuzwa. Jana alimkuta Ruan akisubiri lifti, akavua kofia.

“Mkurugenzi, angekuwa mama yako ndiye amefungiwa mle, ungemwambia asubiri mpaka lini?”