Daftari la Gunnvor

Makao makuu ya kampuni yetu ya mtandao huko bara wanaliita daftari langu Biblia ya Gunnvor, na kila nikilifungua mkutanoni lazima mtu acheke. Wacheke tu. Kwa miaka ishirini na sita ruta ya kisiwa hiki, mashine inayopitisha mtandao na simu zetu zote, haijawahi kunizimikia, na hilo nalisema kifua mbele.

Alhamisi hiyo umeme ulikuwa ukatwe saa nne asubuhi ili mafundi wabadilishe nguzo. Betri ya akiba ya ruta ilikuwa imekufa tangu vuli. Nimeomba nyingine mara tatu. Saa tatu na dakika kumi bosi wangu, Eivind, akapiga simu kutoka bara.

"Gunnvor, usijisumbue kwenda mtamboni. Jana nimeiwekea ruta programu mpya, nikiwa huku huku ofisini. Umeme ukirudi itajiwasha nayo."

"Uliikagua?"

"Si unaona mtandao upo? Jumatatu nawaambia wakubwa kisiwa hakihitaji tena fundi wa kukaa huko. Usinune, mama."

"Sinuni," nikajibu, nikakata. Nilikuwa nimenuna mpaka masikio yanawaka.

Nikaenda. Mimi siachi mashine izimwe kabla sijasoma orodha ya faili zake. Nikachomeka kebo, nikaandika amri kwenye skrini nyeusi, na orodha ikatoka na faili moja tu ya programu, ile mpya. Ilitakiwa iwe megabaiti arobaini na nane. Ilikuwa thelathini na moja. Ilikatikia njiani wakati wa kunakiliwa, na ya zamani Eivind alishaifuta ili apate nafasi. Ruta ilikuwa ingali inafanya kazi kwa sababu programu ya zamani ilikuwa bado imo kichwani mwake tangu ilipowashwa. Ikizimwa, itaamka haina cha kusoma. Na kitufe cha dharura anachovaa bibi Borghild, mwenye miaka tisini na moja na moyo mbovu, hupitia humo humo kumwita nesi.

Nikampigia Eivind. "Faili yako ni nusu."

"Haiwezekani."

"Nikusomee?"

Nikamsikia akigonga kibodi. "Ngoja nikutumie nyingine sasa hivi..."

"Kwa laini hii? Saa nzima hiyo. Nyamaza, nafanya kazi."

Programu ya zamani ninayo siku zote kwenye flashi, ndani ya kopo la kahawa. Nikaifuta ile nusu. Hapo ruta ilibaki haina kitu kabisa. Nikaamuru nakala, alama za mshangao, moja kwa kila kipande kinachoingia, zikaanza kujipanga kwenye skrini, mstari baada ya mstari. Ilipokwisha nikaiambia ruta ipige hesabu ya faili nzima na kunipa alama yake: herufi na tarakimu thelathini na mbili. Nikazilinganisha moja moja na zile nilizoziandika kwa wino daftarini miaka miwili iliyopita, maana hata kipande kimoja kikipungua alama hubadilika. Zote sawa. Nikaielekeza ruta iamke na faili hiyo, nikahifadhi, nikasoma orodha tena. Ilikuwa saa nne kasoro dakika mbili.

Umeme ukakatika, feni zikanyamaza. Nikala mkate wangu wa jibini la kahawia, lakini sikuhisi ladha yake.

Saa nne na nusu ukarudi. Taa ikawaka njano, ikakaa njano mpaka nikaanza kuitukana, halafu ikageuka kijani. Nikavuka barabara na kumwomba bibi Borghild abonyeze kitufe. Nesi akaitika kabla bibi hajaondoa kidole, nami nikajisikia mrefu kuliko ile nguzo mpya.

Simu ikalia. "Gunnvor," Eivind akasema taratibu, "lile daftari... unaweza kulipiga picha unitumie?"

"Siwezi. Kivuko kinatoka huko kesho saa mbili asubuhi. Njoo na kalamu, ukae, uandike mwenyewe."

"Na Jumatatu, je?"

"Jumatatu utawaambia wakubwa ulichojifunza Ijumaa."