Bomba la Kalamu

...kwa hiyo usivute kwa pupa, Wijdan, ukivuta kwa pupa selotepu itaachia, vuta kama mtu anayenusa chungu cha jirani, polepole, na usikohoe, litakalotokea na litokee lakini usikohoe, kwa sababu wako hapo chini, chini kabisa ya dirisha hili, wameegesha pikapu yao yenye bunduki kubwa kwenye kivuli cha mwarobaini na wanakunywa maji ya mitungi iliyowekwa getini kwa ajili ya wapita njia, maji ya sadaka, wanagonganisha kata kama wako harusini, na mimi niko juu yao, ghorofa ya kwanza, nimelala chali kwenye zulia la kampuni ya bima, mdomoni nina bomba nililounganisha kwa kalamu za matangazo, kila kalamu imeandikwa kwa rangi ya dhahabu Lala Salama Tuko Nawe, haya, nimelala, hiyo salama iko wapi, na hao walio nami ni nani... mmoja ni yule aliyekuwa ananisaili, amejikunja chini ya meza yake kubwa kama mtoto anayecheza kibe, na mwingine ni mhasibu, Hanadi, ameegemea kabati la mafaili, gauni lake limelowa kifuani, maziwa, mtoto yuko Omdurman kwa bibi yake, ng'ambo ya daraja, na daraja halipitiki, na Hanadi hana maji mwilini ya kutengeneza maziwa mengine, na maji pekee yaliyobaki kwenye jengo hili yako hapa, juu ya kichwa changu, ndani ya tumbo la kipozahewa, kile cha kupoza kwa maji, lile sanduku la bati lenye majani makavu pembeni linaloning'inia nje ya dirisha, juu ya vichwa vyao hasa. Vuta. Hewa tupu. Hewa yenye ladha ya wino.

Kungekuwa na njia nyingine ningeifuata, sikuchagua kunyonya kalamu kama mtoto wa darasa la kwanza, lakini vile vipande vya bati vinavyoelekeza upepo vimebanana, mkono haupiti, na ukivigusa vinalia, tulivigusa jana vikalia kama punda, tukalala sakafuni mpaka kiza kikaingia, sasa kinachopita ni kalamu tu, kalamu iliyotolewa wino, kitundu cha ubavuni nimekiziba kwa selotepu, maana kila kalamu ina kitundu, na pale panapotakiwa kupinda nimeweka ule mrija wenye shingo uliotoka kwenye pakiti ya juisi ya mwisho, kazi nzuri, nani atanipa cheti, nina cheti tayari, jiolojia, miaka minane kwa masomo ya miaka mitano kwa sababu nchi ilikuwa na shughuli zake, mgomo, maandamano, maradhi, mapinduzi, chuo kinafungwa kinafunguliwa kama mlango wa jokofu, na baada ya hapo nikakaa nyumbani mpaka mama akaacha kuwaambia majirani nimesomea nini, halafu hawa wakapiga simu, njoo Jumamosi, siku ambayo watu wote wako kwao, kwa sababu katikati ya wiki Ustadh Sirr ana mikutano, nami nikavaa tobe jeupe la mama, lile alilofundishia shule miaka yote, nikiamini nguo iliyozoea kazi itaniambukiza, nikakaa mbele yake, akaisoma sivii yangu kama anayesoma dawa iliyokwisha muda, akasema maji ya ardhini, binti yangu, sisi hapa hatuuzi maji, akacheka mwenyewe, kisha akauliza kama naweza kufanya kazi chini ya shinikizo, na wallahi kabla sijafungua mdomo vioo vikatikisika, tukadhani ni lori... Anacheka mtu huko chini. "We Jidu, niachie kidogo, una tumbo la ngamia wewe." "Kunywa kwenye ule mwingine." "Ule mwingine una mende." "Basi kula mende, si ulisema una njaa." Sauti za vijana, za umri wa mdogo wangu, na hilo ndilo linalonitia baridi ya mgongo, mzee mwenye bunduki huchoka akatamani kurudi kwao, kijana hajachoka.

Vuta tena. Yamepanda kidogo, au najidanganya, bomba ni la plastiki angavu, nakodoa macho mpaka yanataka kutoka, kuna kitu kinang'aa kwenye kalamu ya pili, kimerudi, kimeshuka, hewa inaingia mahali, pale kwenye shingo ya mrija, nabana kwa vidole, navitukana vidole. "Binti yangu," anasema Ustadh Sirr kwa sauti ya kunong'ona ambayo ni kubwa kuliko sauti za watu wengine wakisema kawaida, "ukimeza kwa makusudi utailipa siku hiyo baada ya Ramadhani." Hanadi anamwambia, "Ustadh, mwache avute, Ramadhani ijayo tuifikie kwanza." Kufunga, siku hizi kufunga ni jina la heshima la kukosa maji, nami nafunga hivyohivyo, sijui kwa imani au kwa kiburi, lakini akinitajia tena kulipa nitamwuliza ni nani aliyetutawadhisha dumu zima, ingawa si yeye peke yake, sote, sote watatu, hapo ndipo tulipojimaliza, maana sisi ni watu wa mapinduzi, tunayajua kama mwenye watoto watano anavyoujua uchungu, asubuhi risasi, adhuhuri muziki wa kijeshi redioni, jioni afisa anasoma tangazo, usiku watu wanapika, kwa hiyo juzi hakuna aliyeogopa vya kutosha, Sirr alisema kabla ya alasiri yamekwisha haya, Hanadi akakubali, nami nikatikisa kichwa kama mtaalamu, tukatawadha kwa maji ya kunywa, kwa kujinafasi, tatu tatu, Sirr akisukutua kwa mbwembwe, na alasiri tena, na magharibi tena, na isha, na alfajiri, kila mara tukisema hii ndiyo ya mwisho tukiwa hapa, na vumbi liko kila mahali, liko kwenye mafaili, kwenye mapazia, kwenye nywele zetu, vumbi safi la Khartoum, tayamamu, udhu wa vumbi, ya kutosha jeshi zima, na mimi mwenye digrii ya udongo sikuukumbuka udongo. Dumu lilipolia tupu ndipo tukatazamana. Tukafungua droo za watu wasiokuwepo, tende, pakiti za sukari za chai, biskuti zilizolainika, mapazia tukayafanya mablanketi, maji ya tanki la choo tukayachemsha kwenye birika kabla umeme haujakatika, tukayanywa, na hakuna aliyetamka neno choo, tulisema akiba, Hanadi, bado kuna akiba kidogo... Nayo imekwisha.

"Majengo yote haya hayana mtu?" Huyo ni yule wa mende. "Watu gani, Jumamosi ile." "Tupande tukaone, kampuni kama hizi hazikosi kompyuta." "Panda wewe, mimi miguu imevimba." "Mvivu." "Msafiri. Msafiri hafungi wala hapandi ngazi." Wanacheka. Panda wewe. Ngazi ni fupi, mlango tumeuwekea meza ya mapokezi na mashine ya kunakili, mtu mwenye bega lake atausukuma kama pazia, na akiingia ataona nini, mzee chini ya meza, mwanamke aliyelowa kifua, msichana chali sakafuni, hapana, usifike huko, hilo usilifikirie, vuta, fikiria maji, maji hayapandi kwa huruma, ukiondoa hewa mbele yake yanasukumwa kutoka nyuma, kisha yanashuka yenyewe upande wa pili, hakuna anayeyabembeleza. Na yakifika nameza. Nimeshaamua, tangu naunganisha kalamu ya kwanza nimeamua, funda la kwanza langu, la pili langu, mpaka koo lilainike, ndipo niwaambie yamekuja, nani atajua, niko chali, uso wangu hawauoni, na mimi si mfanyakazi wao, hawakuniajiri, jina langu halimo popote katika jengo hili, nikifia hapa hata bima yao hainihusu, na hata ningekuwa mteja, vita haimo, nimekisoma kile kipengele jana kwa kukosa la kusoma, vita, uasi na ghasia havimo. Mgeni, ananiita, Sirr, tende ilipobaki moja aliniwekea kwenye kiganja, nikasema mpe Hanadi, akala yamini ya talaka, mkewe ameachika nikitoka katika ofisi yake mgeni sijala, mke wa watu yuko Bahri, ng'ambo ya mto, hana habari kwamba ndoa yake inaning'inia kwenye tende, nikala, ningefanyaje, nikaila kwa hasira, kwa sababu hiyo ndiyo hila yao, ukarimu ni bure, kazi hawakupi, mgeni anakula wa kwanza na anaondoka wa kwanza, akiwa mgeni daima hana haki ya kuuliza kwa nini nafasi alipewa mpwa wa fulani... Hanadi anajikamua tena, nasikia, tsi, tsi, ndani ya kikombe cha kahawa, jana yalikuwa yanajaa nusu, leo anakamua muda mrefu na sauti inakuja mojamoja, aliniambia usiku, titi halijui daraja limefungwa, ukilisahau siku mbili linasema basi hana mtoto huyu, linakauka. Anakamua ili lisimsahau mwanawe, Muhab.

Vuta. Kalamu ya pili. Ya tatu. Kifua kinaniwaka, hewa imeniishia lakini nikiachia yanarudi, naziba kwa ulimi, napumua kwa pua, vumbi la zulia limeingia puani, usipige chafya, usipige chafya, ya Latifu, usipige chafya, navuta, mrija umejaa, shingo imepita, yanakuja, nayaona yanakuja meusimeusi ndani ya Lala Salama, na hapo nasikia kitu kinakwaruza kando yangu, nageuza macho, macho tu, ni Sirr, ametambaa kutoka chini ya meza kwa viwiko, na suruali yake ya usaili, ameshika lile kombe la bati walilopewa kwa tawi bora, tulilolichagua liwe ndoo yetu, na anavua kilemba. Kilemba ambacho tangu juzi hakukivua hata kulala. Anakikunjua, kirefu, hakiishi, anakitandika ndani ya kombe mkunjo juu ya mkunjo ili maji yakianguka bati lisilie, na kichwa chake, sikujua, ni kidogo, kina vimvi viwili vitatu na kovu la zamani, ni kichwa cha mtu wa kawaida anayeogopa kufa, hanitazami, anasogeza kombe karibu na shavu langu na kuweka kidole mdomoni, si kwa kuniamrisha, kwa kuomba. Na mkono mwingine umenishika kifundo cha mguu, ni Hanadi, sijui amefika saa ngapi, mkono una joto la homa, haunivuti, umenishika tu, kama mtu anayemshikilia mwenzake anayechungulia kisimani.

Yamefika. Kinywa kimejaa mara moja, vuguvugu, kutu, majani makavu, kitu kama sarafu, matamu, Mungu wangu matamu, koo lenyewe linafunguka bila ruhusa yangu, linajua lilichoahidiwa, na wakati huohuo bati la kipozahewa hapo juu linasema tik, maji yametikisika, mahali fulani nje tone limejiachia, nalisikiliza litue, bado, bado, bado... "Nani kanitemea mate?" Kata zimeacha kugongana. "Mate gani." "Limenidondokea hapa, shingoni, tazama." "Ndege huyo." "Ndege gani anakojoa maji matupu?" Wanatazama juu. Sihitaji kuona, najua, mtu akitazama juu sauti yake hubadilika, na yake imebadilika, iko wima sasa, inanijia usoni. "Hicho kisanduku kinavuja." "Kinavuja na umeme hakuna?" Kinavuja na umeme hakuna, kijana ana akili, huyu naye labda ana cheti mahali, nyamaza, usifikirie kwa nguvu. Nikilishusha bomba kwenye kombe sasa maji yataendelea kutembea, sanduku litatikisika tena. Nikimeza nitasukuma, nitakohoa, nimekauka mno kumeza kimya, najijua. Nimeliziba bomba kwa kidole gumba, na kinywa changu kimejaa maji ya watu, sijui yamekuwaje ya watu, dakika hii tu yalikuwa yangu, nilikuwa nimeyapigia hesabu yote, na sasa nikiyawaza yakishuka kooni naona kikombe cha kahawa na ile sauti ya mojamoja, naona kile kichwa kidogo. Mkono wa Hanadi umekaza. Nilidhani hofu ni ya kwangu, nimekuja nayo kutoka nyumbani kama sivii, kumbe nilikuwa naogopa kwa uchoyo, naogopea ngozi yangu tu, ilikuwa hofu nyepesi ile, ningeweza hata kukimbia nayo, hii ya sasa ina uzito, ina Sirr ndani yake na mkewe wa Bahri, ina mtoto ambaye sijawahi kumwona anayelia upande wa pili wa daraja, hainiachi hata nikunje kidole. "Panda ukaone," anasema yule wa mende. "Nipande nikaone nini?" "Panda, nimekwambia." "Ngoja nimalize kunywa." Kata inagonga mtungi. Sirr amefumba macho na midomo yake inakwenda. Maji yamekuwa na joto la kinywa changu, siyatofautishi tena na ulimi, yanalemea, yanataka chini, nami nimelala chali, nayashika, napumua kwa pua, polepole, simezi.