Jicho, Goti na Lile la Tatu

Kinyozi hakutulia kutwa nzima. Alimzunguka mteja kama anayekanyaga makaa, kwani kisigino kilimchoma na goti lilikuwa limevimba kama mpira. Jicho nalo jekundu.

"Bwana wee, usije ukaninyoa sikio!" mteja alimtania. "Au jana ulikesha?"

"Nywele zimeniingia jichoni."

Kila kitu alikipatia kisingizio: jicho ni nywele, mguu ni kusimama mno. Ila lilikuwepo la tatu, ambalo hakumwambia mtu. Akienda haja ndogo, alichomwa kama mtu aliyemwagiwa pilipili. Hakuwa ametoka nje ya ndoa, lakini mkewe akisikia, atamwamini?

Jioni mkewe alimkokota hadi zahanati. Daktari, dada mwenye sauti ya chini, alibonyeza goti, akamulika jicho.

"Kukojoa je, hakuchomi?"

Kinyozi akatazama dari. "Hapana."

"Wiki chache zilizopita hukuharisha?"

"Mno!" mkewe akadakia. "Alikula kuku aliyelala. Nilimwambia apashe moto, Baba Pacha akajitia kiziwi. Choo kikawa ofisi yake!"

Daktari alitabasamu kidogo, kisha akawa makini. "Mwili ukishapambana na vijidudu vya tumbo, mara nyingine hautulii. Baadaye unageukia viungo, macho, hata njia ya mkojo. Vijidudu vya zinaa navyo huweza kuleta haya haya. Ukinificha dalili moja, nitahangaika na goti peke yake, wewe uzidi kuumia."

Kinyozi alijigeuza kitini. Angeweza kuomba mkewe atoke nje. Aliufikiria mlango, kisha akaushika mkono wa mkewe.

"Kunachoma," alisema. "Mama Pacha, sijaenda popote, wallahi, lakini kunachoma."

Mkewe akauondoa mkono wake taratibu.

"Tangu lini?"

"Tangu jicho."

"Na muda wote huo unaniambia nywele!"

Mkewe alikunjakunja ncha ya mtandio. Daktari hakuwaharakisha. Hatimaye mkewe akamgeukia daktari.

"Mpime, daktari. Nami nipime. Nataka kujua ni kuku au ni mtu."

Kinyozi akapokea kichupa, akachechemea kuelekea msalani. Mlangoni alisita, akageuka. Mkewe hakumtazama, lakini alikuwa ameinua mkoba wake kutoka kwenye kiti cha pembeni na kuupakata, ili mumewe akirudi akae karibu naye.