Walinzi wa Ini la Hatungimana

Jumamosi moja ya mwaka 1954, kwenye kiwanda cha pamba karibu na mto Mulongwe, Hatungimana alipokea posho ya wiki: unga, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, zilizonyeshewa ghalani mpaka zikanuka. Sheria iliagiza posho, harufu haikuitaja. Mkewe Consolate alizichemsha hadi kuni zikaisha. Vijidudu walikufa wote, lakini sumu iliyo katika maganda yao haiogopi moto. Binti yao Niyonsaba, aliyeachishwa ziwa juzijuzi, walimpa bugali mtupu, kwanza waone.

Jumatatu kazini, walinzi wa ini la Hatungimana wakapaza sauti ubavuni: "Sumu iko inaingia!" Homa ikampanda. Marie-Rose, aliyechambua pamba kando yake, aliwaomba wanong'one, maana kapita, msimamizi wao, alikuwa karibu.

Mganga wa kiwanda, Libérat, akatega sikio ubavuni. Akaandika kwamba walinzi hawana kosa: hukamata uchafu utokao tumboni na kuita wenzao, na homa ni wito wao huo. Akashauri ndagala zitupwe. Mkurugenzi, Mbelgiji mpole asiyependa kelele, akauliza kama hakuna njia nyingine. Libérat, ambaye tatizo lake ni kujibu kila anachoulizwa, akasema walinzi wakionjeshwa sumu kidogo kidogo kila siku, huzoea na kunyamaza.

Basi kila asubuhi Hatungimana akala kijiko kimoja cha ndagala mbele ya karani. Siku ya sita ubavu ukawa kimya. Mkurugenzi akawaandikia wakubwa wake kwamba ndagala zimepona, na ghala lote likagawiwa.

Hatungimana naye, masikini, aliuamini ule ukimya. Akamwekea binti yake samaki watatu. Kabla sahani haijaoshwa, ubavu wa mtoto ulikuwa ukipiga mayowe kwa sauti nyembamba, na mwili wake ukiwaka moto.

Hatungimana akajishika ubavu. "Juu ya nini hamukuniambia?"

"Tulisema, baba," wakajibu kwa uvivu. "Weye ndiye ulituzoeza."

Alilia waziwazi, bila haya. Marie-Rose alifika kutoka nyumba ya pili, akamsikiliza mtoto, akasema, "Umupeleke ku biro. Wangu nilimupeleka jana, sasa iko inanyamaza."

Hatungimana akambeba. Kwenye biro, ofisi ya kiwanda, walikuta kina mama kumi na wanne kwenye mstari, na mezani karani alikuwa amekwisha kupanga vijiko vidogo.