Ushahidi wa Akonaay

Marieta hakuwa mtu wa kesi. Alipomshtaki mwenye kilabu cha pombe, Mama Fransiska, watu wa Masieda walisema uchungu umempoteza, maana kilabuni hakuna anayenyweshwa kwa nguvu. Lakini siku ya mnada mumewe, Akonaay, alitoka kwa Fransiska mchana kweupe akiyumba, akapanda pikipiki, na kwenye mteremko akatumbukia korongoni. Hospitalini walimkata mguu. Aliporudi nyumbani na magongo yake, alichouliza kwanza ni kama mahindi yamepaliliwa.

Asubuhi ya kesi Marieta alimkuta Fransiska kwenye benchi nje ya mahakama ya mwanzo, amejitanda shuka kwa baridi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Fransiska hakumtazama. "Nilikukosea nini, mwanangu?"

"Nilikuja kwako nikakuomba, akishalewa usimwongeze. Ukacheka."

"Mume wako ni mtu mzima."

"Ni mtu mzima," Marieta alikubali, akakaa upande wa pili wa benchi.

Ndani, hakimu alieleza kwamba kunywa si kosa, wala kuuza si kosa kwa mwenye leseni. Kosa ni kumuuzia kilevi mtu aliyekwisha kulewa. Wanywaji wawili wakaapa kuwa siku ile Akonaay alikuwa na akili timamu kama katekista altareni. Marieta akaona kesi inamponyoka. Ndipo Fransiska akamwita shahidi wake wa mwisho, Akonaay mwenyewe.

Hilo Marieta alilijua. Mumewe alimwambia jikoni, bila ugomvi, kwamba hatakubali mama wa watu aonewe kwa ujinga wake yeye.

Akonaay aliegemea magongo, akaapa.

"Huyu mama hana kosa," alisema. "Ana huruma kuliko wengi. Siku ile mikono yangu haikushika kitu, pombe inanimwagikia kifuani, wenzangu wananicheka. Yeye akaacha kazi zake, akanishikia kikombe mpaka nikamaliza. Hata kwenye pikipiki, ni yeye aliyenisaidia kupanda."

Fransiska akafumba macho.

Hakimu aliuliza taratibu, "Pombe ya kikombe hicho alikuuzia nani?"

"Si yeye? Nani mwingine?"

Fransiska alitiwa hatiani siku hiyohiyo. Alitozwa faini, na kilabu kikafungwa. Kuhusu mguu, hakimu alisema Marieta anaweza kufungua madai ya fidia. Marieta alishukuru, na hakuyafungua kamwe.

Walirudi kwa bajaji. Walipokaribia nyumbani Akonaay alimgeukia mkewe.

"Nilikuwa namtetea," alisema.

"Nilisikia."

"Sasa nimemwangusha."

"Umesema yaliyotokea, Baba. Ungesema nini kingine?"

Akonaay hakuacha pombe. Siku hizi anakunywa kwa Gidahosh, muuza pombe wa ng'ambo ya mto. Gidahosh alikuwepo mahakamani siku ile, na maneno ya hakimu yalimwingia. Akisikia ulimi wa Akonaay umeanza kuwa mzito, anamwondolea kikombe na kumwekea chai ya maziwa. Akonaay anaikataa, anamtukana yeye na ukoo wake, kisha anainuka kwenda nyumbani. Marieta akiwa anakamua ng'ombe anamsikia kwa mbali akipanda kilima polepole, bado anatukana, na jua halijazama.