Kibanda cha Njia Iliyofutwa

Mpangaji wa njia za mabasi ya jiji alikuwa na kazi moja isiyopendeza: kuchagua njia ya kufuta. Pesa za kununua mabasi mengine hazikuwepo, na mkurugenzi alishasema hazitapatikana hata wakilia machozi ya damu. Kwa hiyo, ili watu wa barabara kuu waache kuning'inia milangoni, mabasi lazima yatoke kwingine. Yakatolewa kwenye njia ya kilimani, yenye abiria wachache, wengi wao wazee waendao zahanati.

Mmoja wa wazee hao ni mama yake mzazi, mwenye kidonda cha mguu kinachosafishwa kila Jumatano.

Aliweka sahihi. Usidhani alilia. Hakusikia kitu, moyo ulikufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Wenzake wakampongeza, na kusema kweli alistahili, maana mpango ulikuwa mzuri.

Kilichobaki ni kumwambia mama. Basi, hilo tu. Lakini kila jioni alimkuta anamsifia kwa majirani, kwamba binti yake ndiye anayeyaendesha mabasi yote ya jiji, mpaka jirani mmoja akauliza kama ana leseni. Wakacheka. Naye akacheka, akamaliza chai yake, akaenda kulala. Nitamwambia kesho, akajisemea. Kesho hiyo ikaota mvi.

Sasa, ofisi yao nayo ina vituko vyake. Njia ikifutwa, basi huondoka, lakini kibanda cha kituo huachwa palepale na kibao chake, kwa kuwa kubomoa kunataka fungu la pesa na fungu halipo. Na tangazo je? Hubandikwa ndani ya mabasi yenyewe, siku mbili tatu za mwisho. Jamani! Anayepanda mara moja kwa wiki atalisoma lini?

Jumatano ya kwanza, barabara kuu ilikwenda vizuri ajabu. Mkurugenzi akampa mkono. Mchana zahanati ikapiga simu kuuliza mbona mama hajaonekana.

Alimkuta kilimani, kwenye kibanda, bandeji imelowa, jua limemfika magotini. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Mama akamsogezea nafasi kwenye benchi.

"Mwenye duka ameniambia basi halipiti tena," alisema. "Nikamwambia aache uzushi. Mwanangu yuko hukohuko ofisini, angeniambia."

Mpangaji alikaa. Barabara ilikuwa tupu, na moyoni mwake mlikuwa vilevile.

"Halipiti, mama. Mimi ndiye niliyelifuta."

Mama hakugomba. Alikunja kitambaa alichokuwa anafutia jasho, akakitia kwenye mkoba. Mpangaji akanyoosha mkono amwinue. Mama akaushika mlingoti wa kibao, akainuka mwenyewe.