Shahidi Kutoka Kitabuni

Asubuhi moja huko Kimana, mwaka wa ukame wa 2000, Mwalimu Akoth alikuwa akiwasomea darasa la sita hekaya ya Wayunani wa kale. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, chenye picha za rangi, na jalada lake lilishikiliwa kwa selotepu. Kwenye picha mbwamwitu alikuwa upande wa juu wa kijito, mwanakondoo upande wa chini, na mbwamwitu alikuwa akimlaumu mwenzake kwa kumchafulia maji. Mwalimu alipofika hapo, mwanakondoo akateremka kutoka kwenye ukurasa, akajikung'uta na kuanza kula chaki.

"Madam, huyo ametoka," mwanafunzi mmoja akasema.

"Nimemwona. Funga mlango, asiende barabarani."

Akaendelea kusoma.

Jioni alimpeleka mwanakondoo nyumbani, kwenye chumba alichokodi kando ya shamba la Maweu. Maweu alikuwa mkulima wa nyanya, mtu wa maneno machache. Majani ya nyanya zake yalikuwa yameanza kujikunja, kwa sababu Mzee Githongo, mwenye mashamba ya juu, aliweka pampu mferejini na maji hayakuwa yakishuka tena. Sasa ng'ombe wa Githongo walikuwa wamekufa, naye akamshtaki Maweu kwa chifu kwamba amemwaga dawa ya nyanya kwenye maji.

"Lakini mimi niko chini," Maweu alimwambia Akoth. "Maji yatapandaje?"

Akoth alimtafsiria mwanakondoo, naye akasikiliza hadi mwisho. Akasema, kwa Kiingereza cha taratibu, kwamba jambo hilo analijua, na kwamba angependa kutoa ushahidi.

Siku ya baraza watu waliketi kwenye nyasi mbele ya ofisi ya chifu. Shahidi hakujua Kiswahili wala Kimaasai, kwa hivyo Akoth alitafsiri. Mwanakondoo alieleza kwa heshima kwamba maji hutoka kwa Githongo kwenda kwa Maweu, wala hayajawahi kurudi. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Chifu mwenyewe alisema shahidi ameongea vizuri.

"Kama si Maweu, ni ndugu yake," Githongo akasema.

"Mimi sina ndugu huku, mzee," Maweu akasema.

"Basi ni watu wenu."

Chifu akafikiria kidogo. Akaamua kwamba Maweu ahame kabla ya mvua, na shamba lishikwe na Mzee Githongo kwa usalama wa maji. Kisha, kwa kuwa baraza lilichukua muda na watu walikuwa na njaa, akaagiza shahidi achinjwe. Hakuna aliyepinga. Mwanakondoo alimgeukia Akoth akamwuliza wamesema nini. Akoth, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameruka hata neno, alimwambia kwamba wanamshukuru.

Nyama ilikuwa laini, yenye harufu kidogo ya karatasi. Akoth alipewa ubavu, kwa kuwa ndiye aliyefanya kazi ya kutafsiri. Alitaka kukataa, lakini chifu alikuwa akimwangalia. Akala.

Maweu hakungoja mvua. Jioni hiyo hiyo alifunga godoro lake kwa kamba. Alikuwa anaenda Kitengela kutafuta kazi ya mjengo. Alipita mlangoni kwa Akoth kumuaga, akampa mkono.

"Ulitafsiri vizuri, madam," alisema, bila hasira yoyote.

Akoth aliuachia mkono wake, akapitisha ulimi mdomoni. Uzi wa nyama ulikuwa bado umekwama katikati ya meno yake.